Sindano ya kuyeyusha donge la damu katika kiharusi: yanayosemwa na ukweli wake

“Sindano hiyo huzuia kiharusi.”
Haizuii. Dawa zake, alteplesi na tenekteplesi, ni vimeng'enya vya kushughulikia donge ambalo tayari limeziba mshipa wa ubongo. Nusu ya alteplesi huondoka kwenye damu ndani ya dakika 5 hivi, kwa hiyo usitafute humo kinga ya kesho. Kinga hutoka kwa aspirini, au kwa dawa za kuzuia damu kuganda, warfarini na apiksabani, ikiwa moyo unadunda bila mpangilio. Apiksabani, tena, haiongezi kimeng'enya chochote: hukifunga kimojawapo cha vile vinavyogandisha damu.

“Dawa yenyewe ndiyo hukata donge.”
Kazi yake ni kuamsha. Huigeuza plasminojeni, iliyomo mwilini siku zote, kuwa plasmini, nayo plasmini hukata nyuzi za fibrini zinazoshikilia donge. Shida ni kwamba plasmini haibagui: fibrini inayoziba kidonda cha tumbo nayo hukatwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 1995, wagonjwa 6 hivi kati ya 100 waliopewa alteplesi walivuja damu ubongoni kiasi cha kuzidiwa, dhidi ya chini ya mmoja kwa wasiopewa. Hata hivyo, miezi mitatu baadaye waliopewa ndio waliokuwa wengi zaidi miongoni mwa waliopona bila ulemavu mkubwa.

“Muda wa kupewa sindano, saa 4 na nusu, huhesabiwa tangu dalili zilipogunduliwa.”
Huhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Aliyelala saa 4 usiku akiwa salama, akakutwa saa 11 alfajiri mdomo umepinda, amekwishapoteza saa 7. Kumtibu bado kunawezekana pale penye MRI (picha ya ubongo kwa sumaku) au kipimo kingine kinachoonyesha ubongo wa kuokolewa.

“Mpe aspirini wakati mnasubiri gari.”
Hapana. Kwa macho huwezi kutofautisha mshipa ulioziba na uliopasuka. CT, picha ya ubongo kwa eksirei, ndiyo huamua. Tena kumeza kwaweza kuwa kumeathirika, akapaliwa. Cha kufanya mapema ni kupima sukari, maana ikishuka sana huiga kiharusi. Baada ya alteplesi, aspirini husubiri saa 24 na CT ya pili.

“Dozi ni ileile ya shambulio la moyo.”
Hapa ndipo makosa hutokea. Kwa kiharusi, alteplesi ni miligramu 0.9 kwa kila kilo, isizidi 90. Asilimia 10 hudungwa kwa dakika moja, iliyobaki hupitishwa kwa saa moja. Mwenye kilo 70 hupata 63: yaani 6.3 kwanza, kisha 56.7. Dripu ikichelewa kuunganishwa baada ya ile ya kwanza, dawa hushuka kwenye damu upesi. Chupa ikiisha, kuna dawa iliyobaki kwenye mrija. Isukumwe kwa maji ya chumvi kwa mwendo uleule. Unga ukichanganywa na maji, zungusha taratibu. Ukitikisa, povu litajaa.

Tenekteplesi ni rahisi zaidi: miligramu 0.25 kwa kilo, mara moja tu, kikomo 25. Ila kwa moyo hufika hadi 50, na anayemimina chupa nzima ya 50 kwa mazoea humpa mgonjwa wa kiharusi angalau maradufu. Isipite pia kwenye mrija wenye glukosi, itaganda humo.

“Streptokinesi ni mbadala wa bei nafuu.”
Kwa moyo, ndiyo. Kwa kiharusi ilijaribiwa miaka ya 1990, na majaribio yakasitishwa kwa sababu ya kuvuja damu na vifo.

“Presha ishushwe iwe ya kawaida kwanza.”
Inatakiwa chini ya 185/110 kabla ya sindano, na isizidi 180/105 kwa saa 24 zinazofuata. Kuiporomosha hadi 120 hunyima damu sehemu ya ubongo inayopumua kwa shida pembeni mwa ile iliyokwisha kufa. Na kama mgonjwa hutumia dawa za presha kama enalapiri au kaptopiri, mkague ulimi mara kwa mara: ukianza kuvimba, dripu isimame hapo hapo.