Ukungu wa Nyuma ya Sura: Dhana Potofu Kuhusu Lenzi na Ukweli Wake

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu boke, neno la wapiga picha linalohusu ukungu wa sehemu za picha zilizo nje ya fokasi, ni kwamba boke ni kiasi cha ukungu, yaani kadiri mandharinyuma inavyofifia ndivyo boke inavyokuwa nzuri. Neno lenyewe limetoka katika Kijapani, lugha ambamo hutaja hali ya kutoonekana dhahiri, na lilianza kuzoeleka Marekani baada ya jarida la Photo Techniques kuandika makala juu yake mwaka 1997. Waliolichukua hawakuwa wakiutafutia jina wingi wa ukungu, kwa maana jambo hilo lilikwisha kujulikana. Walitaka kutaja sura yake. Lenzi mbili zinaweza kufifisha kichaka kilekile kwa kiasi kilekile, moja ikakiacha kitulivu kama rangi iliyolowa maji, na nyingine ikageuza kila kitawi kuwa mistari miwili inayogombania jicho la mtazamaji.

Sababu ya tofauti hiyo huonekana vizuri usiku. Elekeza kamera kwenye taa za mbali, kisha iweke fokasi kwenye kitu kilicho karibu. Kila taa itatanuka na kuwa kisahani cha mwanga, na kisahani hicho si ukungu wa ovyo, bali ni picha ya tundu la lenzi ambalo mwanga umepitia. Tundu likiwa la duara, kisahani ni duara. Likiwa la pembe sita, kisahani kina pembe sita. Mandharinyuma yote ni maelfu ya visahani vya namna hii vilivyolaliana, na dhana nyingi potofu huanguka zenyewe mtu akilishika jambo hili moja.

Chukua kauli kwamba namba ndogo ya f ndiyo huleta ukungu mwingi. Namba hiyo ni uwiano tu: urefu wa fokasi, yaani zile milimita zinazotajwa kwenye lenzi, ukigawanywa kwa namba ya f, jibu ni kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.8 ina tundu la takriban milimita 28, ilhali ya milimita 200 kwenye f/4, ambayo wengi huidharau kwa sababu ya ile 4, ina tundu la milimita 50. Na kuna kanuni nzuri ambayo haitajwi inavyostahili: taa iliyo mbali sana hutoa kisahani ambacho, kikipimwa pale mtu unayempiga picha aliposimama, upana wake ni sawa na tundu la lenzi. Kwa uso wenye upana wa sentimita 15, lenzi ya milimita 50 itatoa visahani visivyofika hata moja ya tano ya upana wake, na ile ya 200 itatoa vya theluthi nzima. Ikiwa mandharinyuma haiko mbali hivyo, kwa mfano ikiwa umbali kutoka kwa mtu hadi ukutani ni sawa na ule wa kutoka kwenye kamera hadi kwake, kisahani hupungua hadi nusu. Ndiyo maana kumsogeza mtu mbali na ukuta mara nyingi hufaa kuliko kununua lenzi nyingine.

Kanuni hiyohiyo inajibu dai kwamba kihisi kikubwa, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, ndicho kinacholeta ukungu. Kihisi hakina tundu. Kinachotokea ni kwamba kihisi kikubwa huhitaji lenzi ndefu zaidi ili kupata picha ya upana uleule, na lenzi ndefu, kwenye namba ileile ya f, ina tundu kubwa zaidi.

Kuhusu mabapa ya apecha, yaani vile vipande vyembamba vinavyopanua na kubana tundu la lenzi, matangazo husisitiza idadi: tisa, kumi na moja. Apecha ikiwa wazi kabisa, mabapa hujificha pembeni na idadi yake haina kazi yoyote. Ukiifunga kidogo, kilicho muhimu zaidi ni kama kingo za mabapa zimepinda, kwa kuwa hata mabapa tisa yaliyonyooka hutoa umbo la pembe tisa. Visahani vya kandokando ya picha vinavyofanana na jicho la paka vina chanzo kingine kabisa: mwili wa lenzi hukata sehemu ya miale inayoingia kwa mshazari, na kufunga apecha kidogo hupunguza kasoro hiyo.

Dhana ninayoiona kuwa ngumu kung'oka ni kwamba lenzi kali kuliko zote, yaani inayotoa picha dhahiri zaidi, lazima iwe na ukungu mzuri kuliko zote. Katika vioo vya lenzi, miale inayopita ukingoni huelekea kukutana mahali tofauti na ile inayopita katikati. Mtengenezaji akiacha kasoro hiyo isahihishwe pungufu, visahani vya nyuma hufifia taratibu kuelekea kingoni. Akiisahihisha kupita kiasi, hupata ukingo unaong'aa kama povu la sabuni, na hapo ndipo ile mistari miwili ya vitawi inapozaliwa. Tena lenzi inayolainisha nyuma kwa njia hii hukaza ukungu wa mbele. Nikon iliwahi kuuza lenzi za DC, za milimita 105 na 135, zenye pete ya kuchagua upande upi ulainishwe. Minolta ilitumia njia nyingine katika lenzi yake ya STF ya milimita 135, kwa kuweka ndani kioo kilichotiwa giza kingoni, na gharama yake ni mwanga unaopotea. Lenzi za vioo vya kuakisi, kama zile za milimita 500 f/8, zina kizuizi katikati ya tundu, kwa hiyo visahani vyake ni pete tupu.

Imebaki simu. Lenzi yenye urefu wa milimita 6 kwenye f/1.8 ina tundu la milimita 3 na kidogo, hivyo ukungu wa picha za sura ni kazi ya programu inayokisia umbali, na hukosea kwenye nywele zilizotimka na kwenye fremu za miwani. Kosa jingine halionekani upesi: lenzi hutawanya mwanga wa taa kabla haujafika kwenye kihisi, kwa hiyo kisahani hubaki na mng'aro, ilhali programu mara nyingi hutawanya weupe uliokwisha kufika kikomo cha kihisi, na taa iliyokuwa ikiwaka hugeuka doa la kijivu.