Matibabu ya saratani yamekwisha, mbona bado nimechoka?

Nilimaliza kemotherapi miezi mitatu iliyopita. Nalala vizuri, naamka hoi. Je, ugonjwa umerudi?

Uchovu peke yake hauthibitishi hivyo. Uchovu wa saratani hauishi kwa usingizi, na humpata mtu hata siku ambayo hakufanya lolote. Wengi hupungukiwa nao polepole. Wengine hukaa nao mwaka au zaidi. Mwambie daktari kliniki, hata asipokuuliza. Huenda kuna chanzo kinachotibika: upungufu wa damu, maumivu yanayokukatizia usingizi, sonona (huzuni nzito isiyoondoka), au tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, hasa kama ulipigwa mionzi shingoni.

Kila anayenitembelea ananiambia nipumzike tu.

Wana nia njema, ila ukilala kutwa misuli hulegea na uchovu huzidi. Tafiti zimeonyesha kuwa mazoezi husaidia kuliko dawa za kupunguza uchovu huu. Muulize daktari kwanza, hasa kama saratani iligusa mifupa. Kisha anza na dakika 10 za kutembea mahali tambarare, uongeze kidogo kidogo. Mchana ukilemewa, jilaze nusu saa, usipitishe.

Naishi ghorofa ya nne, hakuna lifti, na watoto wanataka kula.

Hapa ndipo Nairobi inapomchosha hata mzima! Shuka mara moja kwa siku, umalize shughuli zote za chini. Mtungi wa maji abebe mwingine. Mama mboga akukatie sukuma wiki, na maharagwe yanauzwa yakiwa yamechemshwa. Hiyo si aibu. Pika umeketi. Jua saa zako za nguvu, uziwekee jambo moja la maana, hata kama ni kumsaidia mtoto homuweki huku vyombo vikingoja. Siku ukiamka mwepesi usifue nguo za wiki nzima, maana kesho yake hutainuka. Ukienda kliniki, omba miadi itakayokuepusha na msongamano wa matatu wa asubuhi.

Ninunue dawa ya kuongeza damu?

Pima kwanza. Si kila upungufu wa damu unatokana na ukosefu wa madini ya chuma. Miti shamba nayo mtajie daktari, kwani mingine hugongana na dawa.

Nisingoje kliniki lini?

Ukikosa pumzi ukiwa umeketi, ukiumwa kifua, ukizimia, ukitokwa damu isiyokoma, au ukiwaza kujiua. Anayeendelea na kemotherapi akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.