Je, wajua kwa nini jengo la Monadnock lina kuta nene kiasi kile?

Katikati ya Chicago, Marekani, kuna jengo la ofisi za kupangisha la ghorofa 16, ambalo nusu yake ya kaskazini, inayozungumziwa hapa, ilikamilika mwaka 1891. Linaitwa Monadnock. Kuta zake za matofali zina unene wa mita 1.8 chini kabisa, na hupungua hadi kama sentimita 45 juu.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba wajenzi wa enzi hizo hawakujua kutumia chuma. Si kweli hata kidogo. Mji huo huo ulikuwa na Home Insurance Building, lenye fremu ya chuma, tangu 1885. Wasanifu wa Monadnock wenyewe, Burnham na Root, walimaliza jengo la Rand McNally mwaka 1890, nalo lilibebwa na chuma. Yaani ofisi moja, miaka ile ile: huku chuma, huku matofali. Na hata Monadnock si matofali matupu. Ndani yake nguzo na boriti za chuma zimeshika sakafu, na vipo viunzi vya chuma vya kukabili upepo. Matofali yameachiwa hasa kuta za nje.

Basi kwa nini unene ule? Fikiria magunia ya mahindi yaliyopangwa ghalani. Gunia la juu halibebi kitu; la chini linabeba yote. Ukitaka kupandisha rundo bila la chini kupasuka, utatandaza magunia mengi chini ili mzigo ugawanyike, na rundo pana haliyumbi ovyo. Ukuta unaojibeba ni hivyo hivyo: kila ghorofa unayoongeza juu inadai matofali zaidi chini, na matofali hayo nayo yana uzito wake. Udongo wa Chicago ni mfinyanzi laini, kwa hiyo wahandisi walitarajia jengo litatitia sentimita 20. Kufikia miaka ya 1940 lilikuwa limetitia takriban nusu mita.

Aliyeshikilia matofali, kwa maelezo ya wanahistoria wengi, ni mwenye mali, Peter Brooks wa Boston. Lenye ushahidi mzito zaidi ni kwamba hakutaka mapambo: aliandika kuwa vitu vinavyochomoza ukutani huleta uchafu, tena njiwa na shorewanda hutua hapo. Root akatii kwa ustadi. Akaagiza matofali ya maumbo maalumu ili ukuta ujipinde taratibu karibu na ardhi na kufunguka tena kileleni, bila nakshi hata moja.

Hasara ilikuwa kwenye kodi ya pango. Jengo lina upana wa kama mita 20, na kuta nene zinakula ghorofa ya chini, ambayo ndiyo ya maduka. Nusu ya kusini, iliyokamilika mwaka 1893 kwa mkono wa wasanifu Holabird na Roche, ilitegemea zaidi fremu ya chuma. Mali hiyo nayo ilikuwa ya familia ya Brooks.