Ufuo uliosafishwa si ufuo uliopona

Meli ikimwaga mafuta, miezi haiwi mingi kabla hujasikia kwamba ufuo "umepona". Mara nyingi anayesema hivyo ameona mawe yasiyo na weusi, basi. Kupona, kwa wanaofuatilia athari za mafuta, ni viumbe na makazi yao kufikia hali ambayo wangekuwa nayo leo kama mafuta yasingemwagika.

Hapo kwenye "wangekuwa nayo leo" ndipo watu wanapoteleza. Wengi hupima kwa jinsi mambo yalivyokuwa siku moja kabla ya ajali, kana kwamba bahari ilikuwa imesimama. Chukua meli ya mafuta Exxon Valdez, iliyopanda mwamba wa Bligh huko Prince William Sound, Alaska, tarehe 24 Machi 1989 na kumwaga takriban tani 37,000 za mafuta ghafi. Baadhi ya ndege wa baharini wa pale walikuwa wakipungua tangu kabla ya ajali. Ukidai warudi kwenye idadi ya zamani, unaibebesha meli mzigo usio wake. Ukisema walikuwa wakipungua tu, unawasahau waliokufa wamepakaa mafuta. Samaki aina ya heringi ndio fumbo kubwa zaidi: waliporomoka mwaka 1993, miaka minne baadaye, magonjwa yakiwa miongoni mwa sababu zinazotajwa, na wataalamu hadi leo wanabishana kuhusu mchango wa mafuta.

Kusafisha ni kazi nyingine kabisa, na yenyewe huweza kujeruhi. Fukwe za visiwa vya pale zilipigwa maji ya moto kwa mipira yenye shinikizo kubwa. Weusi ulitoka, lakini mwani na kome waliosalimika na mafuta waliungua, na mchanga laini ambamo kombe hujichimbia ukasombwa. Vipande vya ufuo vilivyoachwa makusudi bila kuoshwa, kwa ajili ya kulinganisha, vilirudisha uhai mapema zaidi katika miaka ya mwanzo. Picha za magazeti hazikuonyesha hilo, maana jiwe lililooshwa hupendeza.

Na chini ya jiwe hilo? Mwaka 2001 wataalamu wa serikali ya Marekani walichimba mashimo karibu 9,000 katika fukwe 91, wakakuta mafuta katika zaidi ya nusu ya fukwe hizo, mengine bado majimaji. Changarawe ya juu hupitisha maji kwa urahisi, tabaka la chini limeshikana. Mafuta yakishazama humo, oksijeni haifiki ya kutosha, na bakteria wanaoyala hudumaa. Mawe makubwa ya juu nayo huzuia mawimbi yasiyafikie.

Anayeyafikia ni fisimaji wa baharini. Huchimba kombe mahali maji yanapojaa na kupwa, na kila shimo linaweza kuwa na mafuta. Hana shahamu nene ya kumkinga na baridi kama sili. Joto lake linashikwa na manyoya. Yakipakaa anapata baridi, akiyalamba ayasafishe anameza sumu. Ndiyo maana fisimaji wa kaskazini mwa kisiwa cha Knight walibaki wachache kwa miaka mingi, na ilipita takriban robo karne ndipo wale wa eneo lile wakahesabiwa kuwa wamepona. Tai wenye kichwa cheupe, eneo lilelile, walitangazwa kuwa wamepona mwaka 1996. Kundi la nyangumi wauaji liitwalo AT1 lilipoteza 9 kati ya 22 baada ya ajali, na tangu hapo hakuna ndama aliyezaliwa ndani yake. Hilo halitarajiwi kupona kamwe.

Basi anayetaka kutumia neno "umepona" aseme nani kapona na kalinganishwa na nini. Kama alichoangalia ni mawe tu, "umesafishwa" linamtosha.