Machungu ya Utotoni na Saratani ya Titi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana: "Ni yale mawazo aliyoyaweka moyoni tangu mdogo."

Mombasa, toka Likoni hadi Kisauni, watu wakenda kumjulia hali mgonjwa hawakosi kulisema. Hulisema kwa huruma, lakini humtwika mgonjwa lawama, kana kwamba angalisamehe mapema asingaliugua. Si kweli. Uingereza, watafiti waliwafuatilia wanawake zaidi ya 106,000. Matokeo ya mwaka 2016 hayakuonyesha uhusiano thabiti kati ya msongo wa mawazo na saratani ya titi.

Dhana: "Basi ya utotoni hayana athari yoyote mwilini."

Hapana, yanayo. Utafiti wa San Diego, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, uliwauliza watu wazima zaidi ya 9,000 habari za utoto wao: vipigo, kunajisiwa, ulevi nyumbani, mama kupigwa. Kadiri mateso yalivyozidi, ndivyo walivyozidi wavutaji sigara, walevi na wanene kupita kiasi, na maradhi makubwa, saratani ikiwamo. Pombe, hata kidogo, huongeza hatari ya saratani ya titi. Unene baada ya hedhi kukoma pia. Tena wasichana walionajisiwa huelekea kuvunja ungo mapema, jambo ambalo nalo huongeza hatari kidogo. Uhusiano upo, ila hupitia njia nyingi, na nyingine bado mtu anaweza kuzibadili akiwa mtu mzima.

Dhana: "Kwetu hakuna aliyeugua, hainihusu."

Saratani za titi za kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu.

Dhana: "Asiyekwenda kupimwa ni mzembe."

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Aliyeguswa kwa nguvu akiwa mtoto huenda asistahimili kuvua nguo mbele ya mgeni na kushikwa kifua, hata awe daktari. Huyo hahitaji kukaripiwa. Dada, una haki ya kuomba muuguzi mwanamke, kuingia na mtu unayemwamini, na kusema "ngoja kidogo" wakati wowote. Si lazima ueleze kisa chako. Sema tu kwamba kuguswa kunakupa tabu. Ukiona uvimbe, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, nenda kituo cha afya kilicho karibu, nao watakuelekeza hospitali kuu ya Coast General ikibidi. Usingoje uanze kuuma, maana uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi.