Je, wajua kwa nini simu inaandika Kiswahili safi, lakini Kinyakyusa inakipoteza njiani?

Ilikuwa Julai, Mbeya na baridi yake ya kuingia mifupani. Nilikuwa kwenye steshenari moja ya Mwanjelwa nikisubiri nakala zangu. Akaingia mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa juu ya sweta, macho mekundu. Mama yake mzazi alikuwa amefariki Tukuyu na mazishi yalikuwa kesho yake. Alitaka kuchapiwa historia fupi ya marehemu, ile inayosomwa kabla ya jeneza kushushwa.

“Pole sana, mama,” kijana wa steshenari akamwambia.

“Nimeshapoa, mwanangu.”

Zamani kazi hiyo ingechukua saa nzima. Safari hii kijana aliisogeza simu mdomoni, akaitajia akili mnemba mambo aliyoambiwa: mwaka wa kuzaliwa, ndoa, watoto saba, miaka ya kuchuma chai, kwaya ya kanisani. Kabla sijamaliza kuhesabu karatasi zangu, kurasa mbili zilikuwa tayari. Kiswahili kilikuwa kizuri, kimetulia, chenye heshima ya msiba. Mama alisoma huku akifuta machozi. Kisha akasema, “Weka na maneno machache ya Kinyakyusa mwishoni, ya kumuaga. Wazee hawatataka Kiswahili kitupu.”

Kijana akaomba, simu ikajibu bila kusita. Mama akasoma mstari wa kwanza, akatikisa kichwa. “Hii siyo lugha yetu. Hii ‘zikomo kwambiri’ wanasema Wamalawi, huko ng’ambo ya Kasumulu. Sisi tunasema ‘ndaga fijo’.”

Tangu siku hiyo swali limenikaa. Mashine iliyoandika Kiswahili kile cha kuliza watu inawezaje kukosa kusema “asante sana” kwa lugha ya malaki ya watu wa Rungwe, Busokelo na Kyela? Na kwa nini haikusema tu kwamba haijui?

Jibu linaanzia kwenye namna mashine hizi zinavyofanya kazi. Akili mnemba ya kuandika, ambayo wengine huiita akili bandia au akili unde, haina kamusi kichwani wala haina mwalimu wa sarufi. Mtu akikuanzia “haraka haraka haina…”, ulimi wako unamalizia wenyewe “baraka”. Hukufikiri. Umelisikia mara nyingi mno tangu utoto. Mashine nayo hufanya hivyo hivyo, ila imesoma maandishi mengi kuliko mtu yeyote angeweza kusoma katika maisha elfu. Inapewa mwanzo wa sentensi, inakadiria kipande kinachofuata, inakiweka, kisha inakadiria kingine, mpaka ukurasa unajaa. Mbinu inayoiwezesha kupima neno moja linahusianaje na mengine yaliyo mbali nalo ilichapishwa mwaka 2017 na watafiti wa Google. Umma uliiona nguvu yake Novemba 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa kila mtu.

Kwa hiyo mashine inajua kile kilichoandikwa, na inakijua kwa kadiri kilivyoandikwa. Chukua GPT-3, iliyotangulia ChatGPT, ya mwaka 2020: karibu asilimia 93 ya maneno iliyofundishwa yalikuwa ya Kiingereza. Lugha nyingine zote za dunia, Kifaransa na Kijerumani zikiwemo, ziligawana kipande kilichobaki. Kiswahili kilipata chembe tu.

Lakini hata chembe hiyo ina historia ndefu nyuma yake. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923. Mwaka 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliundwa kusanifisha Kiswahili, na tangu hapo tukawa na tahajia moja. Mwaka 1957 BBC ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi nchi nzima, na kizazi baada ya kizazi kikaandika insha, barua, risala na mashairi. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Ongeza magazeti yanayochapishwa kila asubuhi, hotuba za Bunge, mijadala ya mitandaoni, tafsiri za dini. Historia ya marehemu ambayo mama yule aliisoma kwa machozi ilitoka humo. Mashine ilikuwa imesoma maelfu ya watu wakiwaaga wapendwa wao.

Kinyakyusa kilipita njia nyingine. Wamisionari Wajerumani, Wamoravian na wale wa Berlin, walifika huku kwetu mwaka 1891, wakajifunza lugha, wakatafsiri maandiko na nyimbo. Kwa hiyo kimeandikwa, tena zamani. Ila baada ya Biblia na vitabu vya nyimbo, maandishi yanakatika. Shuleni hakifundishwi. Gazeti hakina. Redio zetu hutangaza kwa Kiswahili na Kiingereza. Mimi sijutii uamuzi wa kujenga taifa kwa lugha moja. Umetupa amani ambayo majirani wengi wanaitamani, na mimi ni mmoja wa waliozaliwa katika amani hiyo. Lakini kila uamuzi una gharama yake, na hii ni mojawapo. Kenya kuna redio za Kikikuyu na Kijaluo, na vipindi vyake huishia mtandaoni. Kinyakyusa, Kisafwa, Kinyiha, Kindali, Kikinga, Kibena na Kihehe zimeendelea kuishi mdomoni: sokoni, shambani, msibani, kwenye daladala ya kwenda Tukuyu. Mdomoni mashine haifiki.

Kuna kitu kimoja kinachonisikitisha. Mwaka 2017 kilichapishwa Berlin kitabu kizima kuhusu vitenzi vya Kinyakyusa, cha kitaalamu kweli kweli, na mtu yeyote anaweza kukipakua bure. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Kazi ya mwandishi wake naiheshimu. Lakini maana yake ni kwamba mashine inaweza kuwa imesoma mengi kuhusu Kinyakyusa na machache mno ya Kinyakyusa chenyewe. Ni kama mtu aliyesoma kitabu cha kuogelea akiwa nchi kavu.

Hata maandishi machache yaliyopo hayakubaliani. Kinyakyusa kina irabu saba. Kiswahili kina tano. Mtu akimwandikia dada yake ujumbe kwa simu hutumia herufi tano zile zile za Kiswahili, kila mmoja akikisia kwa namna yake. Salamu moja utaikuta “mwagonile” kwa huyu na “mwaghonile” kwa yule. Sisi tunaelewa. Mashine inayohesabu vipande inaona maneno mawili tofauti, kila moja adimu. Kihehe nacho kina mtihani wake: kina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba sehemu ya maana, na toni hiyo kwa kawaida haiandikwi. Msomaji wa Kalenga anaijaza mwenyewe kwa sababu aliisikia kwa bibi yake. Mashine haina bibi.

Sasa ile “zikomo” ilitoka wapi? Hapa ndipo utaalamu na udhaifu wa mashine vinapokutana. Lugha za Kibantu ni ndugu. Kiswahili kina mtu na watu, Kinyakyusa kina umundu na abandu. Mashine imeuona undugu huo, na inapokosa neno la nyumba hii huazima la nyumba ya jirani. Kichewa ni jirani, ni lugha ya taifa Malawi, kimefundishwa shuleni na kuandikwa magazetini kwa miongo mingi. Kwa hiyo mashine ilipotafuta “asante sana” ya watu wa Ziwa Nyasa, iliangukia pale penye maandishi. Na haikusema haijui kwa sababu kazi yake ni kukadiria kipande kinachofuata, na siku zote kuna kipande ambacho kinafaa kuliko vingine, hata kama vyote ni vya kubahatisha. Sauti yake haibadiliki. Inasema kweli na uongo kwa uso ule ule.

Ukitaka kuliona hilo mwenyewe, fanya jaribio ukiwa Iringa. Iulize kuhusu Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Kwa kawaida itakueleza vizuri: vita vya Lugalo vya Agosti 1891, kifo chake mwaka 1898, fuvu lililotajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919 na kurudishwa Kalenga mwaka 1954. Hayo yameandikwa na wengi. Kisha iulize nani alikuwa jumbe wa kijiji cha babu yako. Inaweza kabisa kukupa jina, mwaka na hadithi tamu, vyote vimetungwa papo hapo. Pale maandishi yalipo mazito, inasimama. Yalipo mepesi, inatunga.

Jambo hili haliishii kwenye lugha. Mashine zinazotambua picha nazo hufuata kanuni hiyo hiyo. Ipo programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA. Mkulima anaielekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo inamwambia kama lina ugonjwa wa batobato au wa michirizi kahawia, tena bila bando. Kazi iliyoizaa ilianza na picha zaidi ya 2,700 za majani ya muhogo zilizopigwa hapa hapa Tanzania, mashambani nje kidogo ya Bagamoyo. Mtu alikwenda shambani, akapiga picha, na mtaalamu wa magonjwa akasema hili ni hivi, lile ni vile. Baadaye iliongezewa mazao mengine, pamoja na viwavijeshi vamizi wa mahindi. Lakini fikiria programu iliyofundishwa muhogo peke yake, halafu mkulima wa milima ya Uporoto akaionyesha jani la kiazi lenye ukungu. Italazimisha jibu la muhogo, maana majibu mengine haina. Bwana shamba aliyezoea Uporoto angeshika jani, angetazama mawingu ya wiki ile, angeuliza mbegu imetoka wapi. Kwa hiyo nikisikia watu wanasema kazi ya bwana shamba imekwisha, huwa nauliza: hizo picha za kiazi, nani atakayezipiga na kuzitolea maelezo?

Hata baada ya kusoma maandishi yote hayo, mashine hunyooshwa na watu wanaokaa kuisahihisha, jibu kwa jibu. Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakichambua maandishi machafu ili ChatGPT isiyatoe walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Nyuma ya kila jibu laini kuna jasho la mtu. Na kama hakuna mtu aliyelipwa kukaa na kusema “hapana, hiki siyo Kinyakyusa”, kosa linabaki.

Na kosa lina bei. Mashine hukata maneno vipande vipande kabla ya kuyasoma, na huduma zinazolipiwa hutozwa kwa idadi ya vipande. Neno la Kiingereza ambalo imelizoea huwa kipande kimoja. Neno la lugha isiyoizoea huvunjwa vipande vitatu, vinne, hata zaidi. Anayetaka kujenga huduma ya Kihehe kwa wakulima wa Kilolo atalipa zaidi kwa ujumbe ule ule, na bado atapata majibu mabovu zaidi. Hili linaniudhi kuliko yote niliyoyaeleza hapa, kwa sababu halionekani. Mtu ataona tu kwamba huduma ya Kiingereza ni rahisi na ya kwao ni ghali, na ataamini lugha yake ndiyo yenye kasoro.

Siku ile steshenari, kijana hakubishana na mama. Aliifuta ile mistari. Mama akampigia shangazi yake Masoko, akaweka sauti ya nje. Shangazi alikohoa kidogo, akaanza kusema taratibu, na wote tuliokuwa mle ndani, hata tusiojua lugha, tukanyamaza. Kijana ni Msafwa. Alikuwa anaandika herufi kwa herufi, akisimama kuuliza, “Shikamoo tena bibi, hapo ni ‘u’ au ni ‘o’?” Bibi anacheka, anarudia. Mara moja alirudia kwa kuimba, na kijana akaondoa vidole kwenye kibodi mpaka alipomaliza.

Nilimuuliza kama hii mashine haijamnyang’anya kazi. Akasema zamani alilipwa kwa kasi ya vidole. Siku hizi barua ya kuomba kazi mtu anaiandika mwenyewe kwa simu kitandani, anakuja kuprinti tu. Wanaobaki kukaa kwenye kiti mbele yake ni wenye jambo ambalo simu imelikosea: jina la ukoo, mipaka ya kiwanja, maneno ya msiba. “Kazi yangu sasa ni kuuliza maswali,” alisema.

Mistari ilikuwa sita. Kompyuta ilikuwa imepiga mstari mwekundu chini ya kila neno, “ndaga” likiwemo. Akamsomea shangazi yote tangu mwanzo, akarekebisha herufi mbili, akabonyeza kuprinti nakala thelathini.