"Ile ndogo ya matundu"
Jumanne kliniki, mama mmoja aliketi na mkoba mapajani, hata salamu hazijaisha: "Daktari, nifanyie operesheni ya kupunguza uzito, ile ndogo, ya matundu. Binti yangu anaolewa Jumamosi ijayo." Alikuwa wa nne wiki hiyo.

Jamani. Kilicho kidogo ni matundu. Nikupasue kuanzia chembe ya moyo hadi kitovuni, au nipitishe vyombo kwenye matundu matano ya milimita 5 hadi 12, ndani kazi ni ileile. Kwenye operesheni iitwayo slivu naondoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula, na haurudishwi. Kwenye ile nyingine, baipasi, nabakiza kifuko kama yai, nakiunga na utumbo. Kilo hazijui nilipitia mlango gani, na mshono wa stepla (vile vipini vya chuma tunavyofungia mfuko) ukiamua kuvuja, unavuja tu.

Faida iko kwenye ukuta wa tumbo. Kidonda kirefu kwenye mafuta mengi hutunga usaha upesi, kisha baadaye hufumuka, ukapata ngiri. Matundu yametupunguzia hayo, maumivu na siku za wodini. Bega litauma kidogo kwa ile gesi tunayopuliza tumboni. Lakini moyo ukienda mbio, huenda mshono unavuja: nipigie hata saa nane za usiku.

Kinachoniudhi hasa ni hii: "Alianza na matundu, akashindwa, akafungua." Nani kashindwa? Pengine ini limejaa mafuta, limefunika kila kitu. (Ndiyo maana tunakubana chakula wiki mbili kabla. Nyama choma uliyoila Kenyatta Market kwa siri, ini hunieleza.) Pengine kuna makovu ya operesheni za zamani, au damu inatoka na sioni inakotoka. Hapo nafungua, na nalala usingizi. Ninayemwogopa ni yule anayejisifu hajawahi kufungua.

Na matundu yana deni lake. Tumbo lililopasuliwa wazi, matumbo hugandana. La matundu, matumbo hubaki yanateleza. Kwa hiyo baada ya baipasi utumbo unaweza kupenya kwenye nyufa tulizoacha ndani ukajinyonga, hata miaka baadaye. Mimi nyufa hizo nazishona. Lakini mshono wenyewe huweza kuukunja utumbo, na kuna siku nashona nikijiuliza namlinda mgonjwa au najituliza mwenyewe.

Mama nilimwambia aende harusini kwanza, operesheni tutaipanga baadaye.

"Na hivyo vidonge vya vitamini, nitameza hadi lini?"

"Maisha yako yote, mama."

"Hata kwa matundu?"

"Hata kwa matundu."

Akafunga zipu ya mkoba polepole.